Chumba Kwenye Kasri la Vaucorbeil

Lille, 3 Aprili

Dada Solange,

Habari za siku nyingi? Goti linaendeleaje baada ya baridi ya mwaka huu? Huku tuko wazima, ila Clothilde, wifi yako ambaye bado hujamwona, amefanyiwa upasuaji wa nyonga na ngazi zinamshinda.

Tunataka kuja kutembelea vijiji vya mvinyo huko kwetu, siku tano, katikati ya Septemba. Tulale wapi? Nimepewa majina matatu: hoteli moja mjini Beaune, nyumba ya kupangisha karibu na kanisa hapo Corvanges, na kasri la Vaucorbeil, ambalo nasikia siku hizi linapokea wageni. Wewe unapajua pote. Nishauri. Ningependa dirisha linalotazama mteremko wetu wa mizabibu.

Mdogo wako,
Rémi


Corvanges, 19 Aprili

Mdogo wangu Rémi,

Goti lipo, linauma, na bado linanifikisha shambani. Mpe wifi pole yangu.

Umekaa miaka kumi na moja bila kukanyaga hapa, hata mwaka ule barafu ilipoua machipukizi yote, halafu unaniandikia kuhusu vitanda? Haya, nakujibu. Beaune utalala katikati ya watalii wanaozungusha glasi na kunusa kama mbwa waliopoteza njia. Kila kijiji utakifuata kwa gari, na mtu aliyeonja mvinyo tangu asubuhi hafai kushika usukani. Nyumba ya karibu na kanisa ina ngazi zilizojiviringa kama ganda la konokono. Na kasri? Mzee Vaucorbeil hapangishi vyumba, Rémi, anatega. Kila mwenye kipande cha mteremko aliyelala kwake aliamka na kalamu mkononi, akisaini kuuza. Muulize binamu yetu Gontran shamba lake liko wapi leo.

Kwangu kuna chumba, ila Septemba kinajaa wavunaji. Na hapo ndipo ninapotaka jibu: kwa nini Septemba? Mtalii mwenye akili anakuja Juni. Anayekuja wakati wa mavuno anataka kuona shamba limebeba nini, na wanaotaka kujua hilo ni mnunuzi na muuzaji. Baba alikuachia mistari ishirini ya mizabibu, nami ishirini. Yako ninailima, bila kodi wala mkataba, kwa neno la mdomo tu. Ukiiuza, yangu peke yake hainilishi, nami nitafunga nyumba hii. Sema kweli: unauza?

Dada yako,
Solange


Lille, 30 Aprili

Dada Solange,

Salamu nyingi. Nilikuomba kitanda, umenifungulia kesi.

Siuzi kitu. Ninastaafu mwezi wa sita, na nimeyakumbuka mavuno. Nilidhani utaniambia, "Njoo na mkasi wako, acha maneno." Badala yake chumba kina wavunaji, na mimi si mmoja wao. Sawa. Tutajitafutia wenyewe mahali pasipo na ngazi.

Mdogo wako,
Rémi


Corvanges, 21 Septemba

Rémi,

Sikusalimii, kwa sababu uko kilomita mbili kutoka mlangoni pangu na hujanisalimia. Barua hii nampa mwoka mikate akufikishie.

Ndiye aliyeniambia jana. "Mama Berthaut, mdogo wako anakula vizuri siku hizi."

"Anakula wapi?"

"Kasrini! Mzee Vaucorbeil mwenyewe anampakia siagi."

Duka zima likacheka. Nikasema, "Basi na wewe kampakie jamu, mbona unazubaa?" Nikatoka bila mkate.

Nikapanda shambani, nikawaona. Wewe unatafuna mbegu za zabibu na kuzitemea kiganjani uangalie kwa rangi kama zimeiva. Mwanamke mwenye fimbo anapita mstari kwa mstari na daftari, akihesabu mashimo ya mizabibu iliyokufa. Nimezaliwa kwenye kazi hii, Rémi. Anayehesabu mashimo ni mtu anayepanga bei.

Basi leo asubuhi nimewaingiza wavunaji kwenye mistari yako. Najua zabibu zilihitaji siku sita zaidi. Afadhali mvinyo mchachu kuliko Vaucorbeil kuja kuukagua mteremko ukiwa umebeba namna ile. Mpelekee habari hiyo mezani, pamoja na siagi.

Solange Berthaut


Lille, 2 Oktoba

Dada,

Leo sitakuuliza habari za goti.

Kasri lilikuwa na chumba cha chini kisicho na ngazi hata moja. Kwingine kote kulijaa. Ndiyo sababu yote. Tulifika usiku wa tarehe kumi na tisa. Kesho yake nilitaka kwanza nione mizabibu, nipate moyo, ndipo nije kwako. Clothilde amefanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka thelathini. Alikuwa anahesabu mashimo ili tujue inahitajika miche mingapi ya kuyajaza. Nilitaka nije na habari hiyo mkononi, nisije mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo.

Ni kweli, Vaucorbeil aliniuliza kama nauza, hata supu haijapoa. Nikamwambia hapana. Akacheka: "Kijana, hapana ya siku ya kwanza mimi huwa siisikii." Kijana, na mvi zangu zote.

Halafu mwoka mikate akaniletea barua yako. Nilikuja mbio. Nikakuta mistari yangu mitupu na zabibu za baba zimejaa kwenye makreti, bado ngumu, na watu wako wananitazama kama mwizi. Wewe uliniona, ukageuka.

Nilirudi kasrini. Karatasi zilikuwa tayari. Nimesaini ahadi ya kuuza. Hati kamili itasainiwa mwezi Machi, kwa wakili, Beaune.

Rémi


Corvanges, 18 Machi

Mdogo wangu Rémi, na wewe wifi Clothilde,

Natumaini nyonga imepona na mnalala vizuri.

Barua yako ya Oktoba niliisoma huku nikicheka. Nikasema mtu aliyekamatwa hakosi hadithi. Miezi mitano sikuamini hata neno moja, na ndiyo maana sikujibu.

Jumatatu lori la kitalu lilisimama uani kwangu. Miche michanga ya mizabibu, mizizi imefungwa kwenye mchanga wenye maji. Dereva ananiambia nisaini. Nikamwambia, "Mimi sikuagiza kitu, peleka kasrini."

"Kasri gani, mama? Jina lako hili hapa. Imeagizwa tarehe ishirini Septemba."

Siku moja kabla sijawaingiza wavunaji. Nikaihesabu: mia moja arobaini na sita. Nikaenda kwenye mistari yako nikahesabu mashimo, mara mbili, kwa sababu mimi ni mimi. Mia moja arobaini na sita.

Nilikosea. Neno hilo limenigharimu asubuhi nzima, usitegemee kulisoma tena.

Mvinyo wa mistari yako nimeuonja. Mchachu, hauna uzito mdomoni, hata siki yake itakuwa mbaya. Na wakili ameniambia siwezi kudai lolote, maana miaka yote hiyo shamba ulinipa kwa hisani. Hisani. Nilikuita majina mengi, hilo halikuwemo.

Miche haiwezi kumngoja wakili. Tangu juzi ninaipanda, kwenye nusu yako, ambayo Alhamisi ya wiki ijayo itakuwa ya Vaucorbeil. Msimamizi wake alisimamisha trekta barabarani: "Mama Berthaut, unatupandia bure?"

"Endesha trekta lako," nikamwambia. "Hii ni ya mdogo wangu mpaka Alhamisi."

Sikuambii usisaini. Nilikwisha kukuambia mengi. Bado mistari miwili haijapandwa, na leo nimebeba majembe mawili kwenda mteremkoni, moja tu ndilo langu.

Dada yako,
Solange