Majivu Nyuma ya Nyumba

Mama Kambale,

Ni miye, Paluku. Usicheke maandiko yangu. Nilisoma miaka mbili tu, unajua, lakini ile miaka mbili nilisoma nguvu kupita wenye walisoma sita. Niko naandika na krayo yangu ya umasoni, ile nyekundu ya kupiga mistari ku ukuta. Biki, kalamu ya wino, inateleza mu mikono ya mwanaume mwenye amejenga nusu ya kartie Lumumba, mutaa yetu. Hakuna ukuta yangu hata moja imeanguka. Vita ilipita, tulikimbia, tulirudia tukakuta kuta zangu zinasimama. Ninakukumbusha tu.

Leo ni siku ya Mungu. Watu wanatoka kanisa. Miye sikwenda.

Masika, mujukuu yetu, analala mu chumba, amegeukia ukuta, siku tatu sasa. Kesho asubui iko na egzame, mutihani ya mwisho ya mwaka ya preparatwari, ile ya matayarisho, na amesema haendi. Asipokwenda, nafasi yake ku masomo ya infirmie, ya kuuguza wagonjwa, imekwisha, atapewa mwingine. Nimegonga mulango. Nimetukana. Nimepika sombe, majani ya muhogo, miye mwenyewe, na ilikuwa sombe nzuri, hata weye ungekubali. Amekataa. Sina mutu wa kumwambia, ndiyo ninakuandikia weye mwenye hauwezi kunijibu.

Ngoja nikueleze, juu uliondoka mbele ya hii mambo.

Ulipokufa, mujukuu yetu alikuwa amekwisha pata diplome yake ya pedagoji, ya ualimu. Unajua nani alichagua pedagoji. Yeye alitaka biyoloji, weye ulimutetea, miye nikasema mwalimu anashika choki, hashiki damu ya watu. Nikafunga mazungumuzo. Wiki tatu nyuma ya kilio yako, akanifuata pale nilikuwa ninakaa, akaniita vile anatuitaga babu na nyanya yake: "Koko, ninataka kuwa infirmie." Alipokwenda kuuliza, wakamujibu kama mwenye anatoka pedagoji haingii moja kwa moja. Afanye kwanza mwaka muzima ya shimi, ile ya kuchanganya madawa, na biyoloji, fizike na hesabu, apite yote, ndipo wamuandike. Mwaka muzima, juu ya kichwa yangu ngumu. Hakunilaumu. Alinunua kaye za kuandikia, akaanza.

Na miye nikaanza naye. Yeye anasomaga kwa kutembea. Kila saa kumi anazunguka kiwanja, anasema masomo kwa kichwa, miye niko juu ya bloki, silabusi, kitabu yake ya masomo, ku magoti, kidole juu ya mustari. Kifaransa sisikii mingi, lakini herufi ninaziona. Akiruka neno, ninapiga bloki na mwiko yangu, anarudilia. Ukurasa ikiisha ananieleza kwa Swahili, anasema ni vile inaingia mu kichwa. Watu wa njia wanauliza, "Muzee Paluku, na weye uko ku masomo?" Ninawajibu, "Leo tuko na shimi, musitusumbue." Yule seremala wa hapa kando, mwenye mdomo, aliniuliza shimi ni kitu gani. Nikamwambia shimi ni sima ya kujenga, muchanga na maji, ukikosea kipimo nyumba inakuangukia. Masika alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tulikuzika.

Alipita shimi. Alipita fizike. Mu hesabu alikuwa wa pili, na miye nilitangaza mpaka ku soko.

Ilibaki biyoloji. Basi siku tatu zimepita, tulifika ku ukurasa ya tumbo. Akamaliza ukurasa, akaanza kunieleza. Kuko kitu moja mu tumbo, inaitwa pankreasi, ni yenyewe inachunga sukari ya mwili. Ikishindwa, sukari inajaa mu damu, inatoka na mukojo. Mutu anakunywa maji, kiu haiishe. Anakula, anakonda. Kidonda ya muguu haikauke. Zamani, alisema, watu walikuwa wanajua ile ugonjwa juu sisimizi walikuwa wanakuja pale mutu amekojoa.

Akasimama katikati ya kiwanja. Nikafikiri amesahau. Nikapiga bloki. "Endelea." Nikapiga tena. Ile mara ya pili, Mama Kambale, ninaisikia mpaka sasa.

Akasema polepole, "Koko, ni miye nilikuwa ninamwanga majivu."

Unakumbuka pale. Nyuma ya nyumba, pale ulikuwa unamwanga ndoo yako ya mukojo ya asubui, sisimizi walijipanga kama wamepigiwa kamba. Nilikugombeza kama unamwanga chai. Ulinijibu, "Sukari gani, Paluku, mu hii nyumba?" Nikamutuma mutoto atie majivu. Akatia kila asubui, miezi na miezi, mutoto mwenye kusikia. Sasa anasema, "Infirmie gani, mwenye alifunika ugonjwa ya koko yake na majivu?" Alisema vile, akaingia, akalala.

Anafikiri ni yeye.

Sasa nifike ku ile yeye hajui. Na weye haukujua.

Ulipoanza kukonda, miye nilikuwa na jibu tayari. Nilisema ni karuho, ile sumu ya polepole. Nilisema ni Mama Furaha, rafiki yako ya kuuza mikate, juu alikuletea uji ya soja na nilimuona anakuangalia vile ulikuwa unakunywa. Alikuwa anaangalia kama rafiki yake anashiba, basi. Lakini miye nilisimama ku mulango yake, kartie yote inasikia, nikamuita mulozi, muchawi. Weye ulilia. Ulisema, "Paluku, ule mama hana roho ya vile." Nikasema mwanamuke mugonjwa hajui adui yake. Nikakupeleka kwa mutu wa kutapisha karuho. Ulitapika dawa ya miti ile ya uchungu mpaka hauwezi kusimama. Na Mama Furaha, watoto walikuwa wanamutupia majiwe ku soko, akafunga vitu yake, akakwenda kwa kaka yake ku Iga Barrière.

Kisha ikakuja kidonda ya muguu. Nilikubeba ku santre ya afya. Unamukumbuka ule infirmie mufupi? Alikuangalia muguu, akauliza juu ya kiu, akanivuta inje. Akanipa karatasi. Akasema, "Muzee, hii ni sukari. Umupeleke Nyankunde, ku lopitali kubwa, hii wiki, usingoje."

Ukaniuliza mu njia, "Karatasi inasema nini?" Nikakujibu, "Inasema tupakae mafuta."

Nilisikia vizuri, Mama Kambale. Masikio yangu haikuwa na kosa. Lakini kama ni sukari, basi si karuho. Kama si karuho, miye Paluku nimemufukuza mwanamuke bure, mbele ya watu wote. Nikasema nitangoja kidogo, labda utapona, na hakuna mutu atajua. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mu sanduku yangu ya vyombo, chini ya nivo, ile ya kupimia ukuta kama iko sawa. Uliishi tena wiki saba.

Iko pale mpaka leo. Nikimuonyesha Masika, ataona si majivu yake. Ataona ni nani. Na atatoka mu hii nyumba, nitabaki na kuta. Nikinyamaza, atalala pale mpaka egzame ipite, na ile kosa yangu ataibeba yeye maisha yote, mutoto tulilea toka iko na meno mbili. Tangu asubui nimefungua sanduku mara tatu. Mikono yenye ilipandisha bloki ku etaji, gorofa ya pili, haiwezi kupandisha karatasi moja.

Niambie nifanye nini. Ulikuwa unaniambiaga kila siku, hata nisipouliza.

Niliacha kuandika pale. Sasa ni siku ya kwanza ya juma, asubui ya egzame.

Jana niliitoa ile karatasi. Niliingia, nikasema, "Majivu ni yangu. Weye ulitumwa. Soma hii." Alinyoosha mukono bila kunitazama. Akasoma. Akarudilia kusoma. Akakaa. Nikangoja alie, au anitukane, nilikuwa tayari. Akachukua kaye na biki.

"Alikuwa anakunywa maji bido ngapi ku siku?"

"Kidonda ilianza mwezi gani? Ilikuwa na harufu?"

"Macho yake ilikuwa inaona vizuri? Mutu wa karuho alimupa ile miti mara ngapi?"

Kila jibu anaandika. Nilipojaribu kueleza juu ya ile mambo ilikuwa mu kichwa yangu, akanikata: "Jibu tu, muzee." Alisema muzee. Hakusema koko. Ni vile mutu wa lopitali anaitaga mugonjwa mwenye hamujui.

Alipomaliza, akafunga kaye. Akasema, "Nitakwenda kesho. Si juu yako. Kuko mama moja, simujui, siku moja karatasi yake itakuwa mu mufuko ya bwana kama weye. Ninakwenda juu ya ule mama. Na weye unakwenda Iga."

Miye sijaombaga mutu musamaha tangu nizaliwe, unajua. Nikasema sawa, nitapeleka mbuzi, mbuzi mukubwa, kila mutu ataona. Akatikisa kichwa. "Mbuzi itasema pahali yako. Ulimushitaki na mdomo, nenda na mdomo."

Sikulala vizuri. Saa kumi na mbili nikamusikia anaoga. Akapita mbele yangu na biki mbili mu mukono, juu moja ikikataa. Hakuniaga. Alipofika ku njia nikasimama nimuite, nimwambie asisahau pankreasi, nikaona sina ruhusa. Sijui kama atapita. Sijui kama akipita atarudia kulala hapa. Hii nyumba nilijenga na mikono yangu, na asubui hii ninaogopa vyumba yake.

Mwenye moto, ile pikipiki ya kunipeleka Iga, anapiga honi ku barabara. Nimevaa ile koti ya siku ya harusi ya mutoto yetu Kambale. Mikono haina kitu.

Ninakuahidi hivi. Nitafika Iga, nitauliza nyumba ya kaka ya Mama Furaha, na mbele ya watu wake nitasema uji yake ilikuwa uji. Akifunga mulango, nitabaki ku mulango. Kisha nitarudia Lumumba, nitasimama pale pale nilimuita mulozi, nitaita watu, na seremala mwenye mdomo, niseme tena. Sijui mutu anaanzaga namna gani. Nitaanza na jina yangu.

Lala, bibi yangu. Sikuombi unisamehe, ile ninaiacha kwako. Ninakuomba tu umuangalie Masika saa hii, vile anafungua karatasi ya egzame.

Ni miye Paluku, mwenye alikunyima njia ya Nyankunde.