Picha ya Harusi kwenye Karatasi Isiyong'aa

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua chako kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi hatujambo, tukiacha macho ya mama ambayo unayajua. Paa la jikoni limeezekwa upya na halivuji tena. Mjomba fundi viatu amewekewa meno ya bandia, sasa anacheka hata msibani.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Isome ukiwa umekaa.

Nianze na printa. Nilinunua printa ya wino iliyotumika kutoka ofisi ya mawakili waliokuwa wanahama, nikaiweka juu ya cherehani. Wanafunzi wanakuja kuchapa picha za vitambulisho, majirani wanaleta za watoto wao. Mama alipoona watu wanatoka na picha mkononi, akaanza kunisumbua: "Na mimi nichapie za mwanangu."

Nikamchapia ile uliyovaa joho, kwenye karatasi inayong'aa ambayo kila mteja anaipenda. Akaisogeza puani, akaigeuza huku na huku. "Naona balbu," akasema. "Naona na dirisha. Yeye yuko wapi?" Huo ugonjwa wa mtoto wa jicho, kaka, kila kinachong'aa anakiona kama moto mweupe. Nikajaribu karatasi ya fotokopi. Ikalowa, ikajikunja, ukatoka na madoa uso mzima kama mgonjwa wa surua. Mama akalia akidhani unaumwa.

Aliyeniokoa ni muuza vifaa vya ofisi, yule tunayemwita Miwani. Alinitolea karatasi nzito isiyong'aa, ukiipapasa ni kama imepakwa poda. "Hii haina mbwembwe," akaniambia. "Weusi wake umefifia kidogo, lakini hata ukisimama nayo juani unaiona sura ya mtu." Akanionya nisichape upande wa nyuma. Nilowanishe kidole, nibonyeze pembeni. Upande unaonata ndio wenye dawa ya kushika wino. Na kwenye printa nichague aina hiyohiyo ya karatasi, la sivyo rangi zitaharibika.

Nikachapa upya ile ya joho. Mama akakaa nayo kitandani, akakuona. Akakuona, kaka! Akakagua mpaka vifungo vya shati. Akasema umekonda.

Basi hapo ndipo alipotaka ya harusi. Wewe ulituambia mlifunga ndoa ofisini, mashahidi wawili, hakuna sherehe wala picha. Mama aliamini. Alikuwa anawaambia watu, "Kijana wangu hapendi makuu." Lakini akawa anasema, hata moja ya simu haikosekani. Nikakuomba, hukujibu. Nikamwomba mkeo, kwa kuwa siku hizi ndiye unayemtuma kupeleka posta dawa za macho, na namba yangu anayo.

Mkeo ni mtu mwema. Sijui ulimpataje. Alituma picha na ujumbe wa sauti, nao ulisema hivi: "Dada, pole na kuuguza. Mume wangu hapendi kuonyesha picha zetu, ila yaya aliyemlea ana haki ya kuona. Huyo anayembusu kwenye paji la uso ndiye mama yake mzazi, mama mkwe wangu. Mwambie mama yako tunamshukuru kwa malezi."

Mama yangu, yaya wako. Mimi, mtoto wa yaya.

Picha ni nzuri, lazima niseme. Ukumbi umejaa maua meupe, wageni hawana idadi, umeinama mbele ya mama mwenye nguo ya zambarau. Nilimtambua, uliwahi kututumia picha yake. Ni yule mhasibu mstaafu aliyekupangisha chumba ulipofika huko. Ana shavu laini, huyo mama. Hajawahi kusimama karibu na boila la dobi likapasuka. Mama yetu lilimuunguza uso, na bandeji zilipotoka akarudi kwenye boila lilelile, kwa sababu ulikuwa bado unasoma. Na wewe kwenye mikutano ya wazazi ulikuwa unamwomba akae nyuma, upande wa mlangoni, ajifunike mtandio.

Nilimwonyesha mjomba. Akavua meno yake, ndivyo anavyofanya akitaka kusema jambo la maana. "Ichape kwenye inayong'aa," akasema. "Ataona balbu, ataibusu karatasi, atalala. Mwache mzee na furaha yake."

Pakiti zote mbili zilikuwa juu ya cherehani. Nikalowanisha kidole, nikatafuta upande unaonata. Nikachagua ubora wa juu kabisa na ukubwa wa ukurasa mzima. Nilitaka aone, kaka. Nilikuwa nimechoka kukusikia ukiombewa.

Nilimwambia asubiri wino ukauke, hakusubiri. Aliishika kwa viganja, akaenda nayo dirishani, akaanza na viatu vyako kama kawaida yake, akapanda taratibu. Alicheka alipofika usoni. Halafu akahamia pembeni.

"Huyu mama ni nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sikumficha kitu.

"Amependeza," akasema. Akapitisha kidole kwenye shavu la yule mama, taratibu, mpaka wino ukachafuka. "Hana kovu." Kisha akauliza, "Na mimi huko naitwa nani?"

"Yaya."

Mimi nilisubiri akulaani, sitakuficha, niliitamani laana hiyo. Badala yake akaniambia nimpigie mkeo. Nikaweka sauti ya juu. Mkeo alifurahi mno, akamwuliza ulikuwaje ulipokuwa mdogo. Mama akamjibu: "Alikuwa msafi, mwanangu. Hakupenda kuchafuka. Nilimlea kama wangu." Mkeo akasema, "Ahsante sana, yaya." Mama akasema, "Haya, mwanangu. Mtunze." Akanirudishia simu.

"Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje, binti wa watu aanze kulia? Hana kosa." Akajipangusa wino kwenye gauni. "Nimeshamkabidhi kwa wenyewe. Sasa nimeacha kazi."

Tangu hapo hajakutaja. Si kwa hasira, ningekuambia. Amekuacha kama alivyoacha kazi ya dobi siku ya mwisho: alitundika aproni msumarini, akatoka.

Upasuaji wa macho ambao amekuwa akiuahirisha, alikuwa anakungoja wewe. Alitaka wakifungua bandeji uso wa kwanza uwe wako. Sasa amekubali. Alhamisi anakwenda na shangazi. Dawa usitume tena, na siku hiyo usije. Nimemwuliza mwenyewe, "Akija?" Akaniuliza, "Nani?"

Mkeo hajui lolote. Mama amenikataza kumwambia, na nimetii. Kwa hiyo utaendelea kukaa naye mezani hivyohivyo, kila akishika simu ukijiuliza ni mimi au siyo. Ukitaka kumwambia wewe, mdomo unao.

Picha nimeiweka humu ndani, mama hakutaka ibaki. Usiikunje. Karatasi hizi zisizong'aa huchubuka upesi, na ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji wino wote utaondoka. Doa lililo shavuni mwa yule mama ni la kidole cha mama yetu.

Mjomba anakusalimu, anasema viatu vya harusi vilikuwa vizuri, soli hakuiona. Shangazi anakusalimu, ingawa alitumia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wapwa zako wanakusalimu, wanauliza utawaletea nini. Nisalimie sana wifi yangu, kwa jina lolote ulilonipa huko. Mama hana salamu.

Mungu akulinde na baridi, akuzidishie kazi, akupe watoto wengi wenye afya na sura nzuri. Na siku wakiwa na wageni wa maana, nawe ukatokea mlangoni umezeeka, wakuite baba mbele za watu.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja, ninayekupenda bado, na kupenda kwenyewe kunaniuma.