Senene Hana Mfupa

Kasenyi, Entebbe.
9 Septemba, 2013.

Mpendwa kaka Mubiru,

Salamu nyingi zikufikie hapo Winnipeg. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi hiyo? Unakula lakini? Katika picha uliyotuma shingo imebaki kama ya kuku wa mayai, na usisingizie kamera. Sisi huku wazima. Mama anagombana na kila anayepita uani, kwa hiyo yeye ni mzima kupita sote.

Najua unachotaka kusikia ni habari za Jumamosi, siku ya utambulisho wa mwanao Resty, watu wa mchumba wake walipokuja kumposa. Nitakueleza kwa mpangilio, tafadhali usiruke mistari.

Wageni walifika mapema mpaka wapishi wakachukia. Watu wa Kalibbala, mchumba wake, ukoo wa Senene, hao panzi wa kukaanga, walijaa hema zima na kanzu zao nyeupe. Jaja Bbosa, babu yetu sote, alikaa kwenye kiti chako kama mkubwa wa ukoo wetu, amevaa koti lako la kijivu. Koti hilo lisahau, amekataa kulirudisha.

Matani yakaanza kama kawaida. Msemaji wao, bwana mmoja mwenye mdomo usio na breki, akasema amesikia sisi watu wa ukoo wa Kamongo tuna mwiko wa kumla kamongo, na kwamba yeye hana mwiko huo lakini hata hivyo hamgusi. Samaki gani huyo wa kulala matopeni na kupumua hewa, huwezi kujua ni samaki au nyoka. Alidai Mungu alimwacha katikati akaenda kula chakula cha mchana. Tulicheka, hata mimi. Bibi harusi alitakiwa kupiga magoti na kutazama mkeka. Lakini wewe ndiye uliyemsomesha mambo ya samaki mpaka chuo kikuu, kwa hiyo lawama zote nakutumia huko huko.

Resty aliinua kichwa, akamjibu msemaji kwa adabu. "Samahani sebo, kamongo hakuachwa katikati."

Basi akafungua darasa. Alisema samaki wenye mifupa wametokana na nyumba mbili, kama watoto wa mume mwenye wake wawili. Nyumba ya kwanza mapezi yao ni njiti nyembamba zilizotandazwa ngozi, kama mwavuli. Hao ndio sangara, ngege, furu na karibu kila samaki umjuaye, wamezaana mpaka wamejaza maji yote ya dunia. Nyumba ya pili mapezi yao yalikuwa na nyama na mfupa ndani. Wachache walibaki majini, kamongo mmojawapo, na wengine wakatoka nchi kavu wakawa vyura, mijusi, ndege, ng'ombe, na mwisho sisi. Akasema mababu wa nyumba zote mbili walikuwa na pafu. Kwa sangara likageuka kifuko cha kuelea, ndiyo hayo mabondo yanayouzwa hapa mwaloni kwa wavuvi. Kamongo alibaki na lake. Kwa hiyo, akamwambia yule msemaji kwa heshima zote, kamongo ni ndugu yako wa karibu kuliko alivyo ndugu wa ngege.

Jaja Bbosa alivua kofia. "Sisi mapafu yetu hatukuyauza," akasema, na hema lote likaangua kicheko. Kisha akamgeukia Resty. "Kwa hiyo watu wote wametoka nyumba ya kamongo?"

"Wote, jaja."

"Na hawa wageni?"

"Nao pia, jaja."

"Basi ni ndugu zetu. Na ndugu wa ukoo mmoja hawaoani."

Kaka, tulidhani anatania. Unamjua lakini. Ndiye aliyemrudisha mchumba wa shangazi Nankya pamoja na mbuzi wake, kwa sababu ya babu wa pamoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Aliwaambia wageni amefurahi sana kuwapata, wale washibe, kisha warudi nyumbani na vitu vyao kwa amani. Kalibbala alipauka. Msemaji wao akawa anautafuta mdomo wake. Machozi ya Resty yalikuwa yanadondokea gauni lake jipya la gomesi, naye ndiye aliyejivunjia nyumba yake kwa ulimi wake. Moyo uliniuma vibaya. Tangu mama yake atutoke nimemlea kama wa tumbo langu, na sijawahi kumwona anampenda mtu kama anavyompenda kijana yule.

Mimi sina elimu ya samaki, ila nimekaanga senene tangu utotoni na sijawahi kutoa mfupa kwenye meno. Nikasimama.

"Resty, senene ana mfupa?"

"Hana, senga," akanijibu mimi shangazi yake.

"Pafu je?"

"Hana."

Jaja akawaza huku akisugua kifungo cha koti lako. Mwisho akasema mtu huhesabiwa kwa ukoo wa baba yake, na kama babu wa ukoo wa hawa ni senene, asiye na mfupa wala pafu, basi si wa nyumba yetu. Nikaanza kupumua. Ndipo mwanao na ukweli wake akafungua tena mdomo: "Ila jaja, tukirudi nyuma zaidi..." Niliinama nikamfinya paja mpaka akapiga yowe na kusahau alichotaka kusema. Watu niliwaambia ni magoti yanamuuma. Baadaye chumbani akaniambia kwamba zamani sana, kabla ya mifupa, sisi na senene tuna babu mmoja. Hilo nimelifukia, nawe lifukie.

Msemaji wao akainuka. "Tumekubali, hatuna mfupa hata mmoja. Tupeni mke." Jogoo wa kukamilisha posa akapokewa, kaka, na Resty wako ameposwa.

Nilimsomea jaja barua yako, pale uliposema Jumapili unakula peke yako na kazini hakuna anayelijua jina lako. Anasema nikuandikie hivi: watu wa huko wana mifupa, kwa hiyo ni wa ukoo wetu, usikae kama mgeni, nenda ukawasalimie. Ila kwa sababu hiyo hiyo, usithubutu kuoa huko.

Mama anakusalimu, Resty na Kalibbala wanakusalimu, na watoto wa shangazi Nankya wote. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe tukuone.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Namubiru.