Kompresa Uliyonichagulia, Mjomba

Noonkopir, Kitengela
Jumanne, 17 Machi 2026

Mpendwa Mjomba Nzau,

Ijumaa tarehe 6 mwezi huu nilipoteza kazi ya Saning'o kule Kajiado, na pamoja nayo ahadi ya nyumba zake sita za Bisil. Nimeanza na hilo ili usije ukadhani hii ni barua ya kuomba kitu.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje na hiyo baridi ya Minnesota? Sisi tuko wazima. Dada yako, yaani Mama, presha yake imeshuka na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe hunikatiza. Nimeandika kwa karatasi, nitaipiga picha nikutumie leo hii.

Mjomba, mwezi wa kumi nilikutumia orodha. Niliandika kompresa ya lita ishirini na nne, isiyotumia mafuta, ya volti 240, uzito usizidi kilo ishirini na mbili, na isiwe ya kelele, kwa sababu mimi hurekebisha nyumba za watu wakiwa bado wanaishi ndani. Misumari ninayopiga kwa hewa kwenye fremu za milango ni nyembamba kama sindano, haihitaji hewa ya kuinua lori. Orodha hiyo sikuiota. Ni miaka kumi na moja ya kupanda ngazi na vyombo begani.

Ukanijibu, "Hizo ni za kuchezea. Wewe ni mtoto wa kike, wacha mwanaume akuchagulie kitu cha maana." Ukanikataza nisinunue yangu.

Januari ikaja na kontena. Lita themanini. Kilo hamsini na nane. Ya mafuta. Tena ya umeme wa huko, volti 110, kwa hivyo nikatafuta transfoma, kilo nyingine kumi na nne. Jumla sabini na mbili. Nyumba ya Saning'o iko na ngazi arobaini na nane. Hesabu wewe.

Githongo wa hardware aliiona ikishushwa akaniita mbele ya watu, "Kavutha, umeacha useremala? Hiyo ni ya matairi ya lori. Nitakuletea wateja wa pancha." Nilicheka pamoja nao. Ningefanya nini?

Kosa langu ni moja na nalitaja mwenyewe. Kompresa yoyote mpya mimi huipima kwa kitambaa cheupe. Naipulizia hewa dakika tano, kitambaa kikipata doa, mashine hiyo haikaribii mbao zangu. Yako sikuipima. Mama alikuwa amewaita akina mama wa kanisa wakaiombea, na wewe uko kwa video unasema amina. Nilipotoa kitambaa, Mama akanishika mkono. "Zawadi ya mjomba haipimwi mbele ya watu." Nikakirudisha mfukoni kama mjinga, na baadaye nikaona haya kukitoa tena.

Kule Kajiado ikaunguruma juu ya ile transfoma mpaka ikachemka, na mafuta yakaanza kupita kwenye mpira pamoja na hewa. Hayakuonekana kwa macho. Tulipiga misumari, tukapuliza vumbi, tukapaka vanishi. Asubuhi vanishi ilikuwa imekataa kushika, vidoti vya mviringo kila mahali, kama maji yaliyomwagwa juu ya sufuria ya mafuta. Milango kumi na mmoja kati ya kumi na minne.

Saning'o alininywesha chai kwanza. Halafu akapitisha kidole kwenye mlango wa chumba chake. "Kavutha, nyumba yangu si ya kujifunzia." Akaniruhusu nisafishe nilichoharibu, basi. Funguo akachukua.

Hata hayo ningeyameza. Lakini Jumapili iliyofuata ulimpigia Saning'o, kwa kuwa mlisoma pamoja na ni wewe uliyetujulisha. Ukamwambia mashine ni safi kabisa, ila "hawa mafundi wa kike wa mtaani hawasomi maagizo." Aliniambia mwenyewe, na aliona aibu kuyarudia. Nami nikamwambia kwamba mashine uliichagua wewe. Mjomba, mimi sina duka wala ofisi. Niko na jina. Hilo ndilo uliloshika ukapangusia mikono.

Milango yote kumi na mmoja nimeipiga msasa kwa mkono, siku nane, mimi na Keziah ninayefanya naye kazi. Nimejinunulia kompresa yangu: lita ishirini na nne, kilo kumi na tisa, haina mafuta. Niliipima pale dukani mbele ya kila mtu. Kitambaa kikabaki cheupe.

Jana Saning'o aliipitia milango yote mmoja mmoja. Halafu akasema, "Kazi nimeiona. Lakini mmoja wenu amenidanganya, na mmoja nilisoma naye. Nzau akiniambia kwa mdomo wake kwamba ni yeye aliyechagua mashine, Bisil ni yako. Asiponiambia, Jumatatu naleta fundi mwingine."

Nimesikia unataka kutuma nyingine, kubwa zaidi. Usitume. Hii ya kwanza imekaa kwa Githongo, inajaza matairi, na inafanya hivyo vizuri sana.

Nisalimie Aunty Mukai na Nzilani. Keziah anakusalimu. Mama ameisoma barua hii yote na hakufuta hata mstari mmoja. Mungu akulinde kwenye hiyo barafu, na mgongo wako aupe nafuu.

Sasa nijibu, Mjomba. Kabla ya Jumamosi hii tarehe 21, saa sita mchana ya Kenya, utampigia Saning'o umwambie ukweli, au hutampigia? Usinijibu kwa mstari wa Biblia, na usipitishie jibu kwa Mama. Niandikie mimi, neno moja tu: nitampigia, au sitampigia.

Ni mimi mpwa wako, nakupenda na nimekasirika,

Kavutha