Kidole Kivivu

Chumba namba 6,
Juu ya duka la vioo.
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Za huko kwenye zege? Mgongo umepoa, au bado unamficha mkazamjomba? Sisi huku wazima. Bibi goti linamsumbua, ila mdomo hauna hata mafua. Mama naye mzima, ingawa wiki hii anaongea na mimi kwa kupitia paka.

Sababu ni kazi. Nimepata, Mjomba! Kwenye mfuko wa pensheni, ghorofa ya nne, wanataka jibu Ijumaa. Ngoja, usishangilie kwanza. Si uwekezaji, kule kwa wenye skrini tatutatu, ambako nilikuapia nitafika siku uliponiletea ile kompyuta. Huko wamesema nirudi mwakani. Nafasi iliyopo ni mafao ya warithi. Yaani mtu akifa, wewe ndiye wa kuhakikisha aliyeachwa analipwa. Wenyewe ofisini wanakiita kitengo hicho Mochwari. Kiko mwisho wa korido, jirani na choo, hapiti mtu ila aliyebanwa au aliyefiwa.

Mama akamwambia paka, "Miaka mitatu kajifungia na vitabu, kumbe anasomea marehemu." Bibi akadakia, "Mwache, hao wateja hawana kelele."

Basi Jumatatu nikaenda kukataa. Kwa adabu, maneno nimeyapanga njia nzima. Mkuu wa kitengo ni mama mmoja mfupi, miwani kaifunga kamba ya kiatu. Hata salamu sijamaliza: "Kaa hapo, usiguse kitu."

Mbele yake alikuwa mzee mmoja, fundi muashi kama wewe. Binti yake, nesi, amefariki, na mrithi aliyemwandika ni baba yake. Safari ya tatu hiyo anakuja. Mashine ya alama za vidole inamkataa! Dole gumba, taa nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Saruji ya miaka arobaini imekula mistari yote. Karani wa mapokezi alishamwandikia kwenye faili: Hatambuliki. Mzee anaitazama mikono yake kama imemsaliti.

Mimi na kiherehere changu, unanijua, nikasema, "Izimeni muiwashe." Yule mama hata hakunigeukia. Akazunguka meza, akakaa upande wa mzee. "Baba, nionyeshe unavyoshika mwiko." Mzee akashika hewa. "Na tofali?" Akashika. Yule mama akainama, akachungulia, akacheka peke yake.

"Hiki hapa kivivu! Wenzake wanavunjika, chenyewe kimenyooka pembeni kama msimamizi."

Kidole kidogo cha kushoto, Mjomba. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa walichukua alama za vyote kumi, ila kila ofisi inadai dole gumba na cha shahada tu. Akakifuta kwa kitambaa, akakibonyeza taratibu. Kijani!

Nilitaka kupiga makofi. Mzee hakufurahi. Akasema tu, "Huyu binti yangu ndiye aliyekuwa akinipaka mafuta mikono." Yule mama hakukiachia kile kidole. Wakakaa hivyo hivyo, foleni inasubiri.

Mjomba, nimesoma hesabu usiku na mchana, wala sijawahi kuona mtu anajua kazi kiasi kile. Yale maneno yangu ya kukataa nimeyasahau hapohapo kwenye kiti. Wenye skrini tatutatu watanisubiri, na wasiponisubiri basi. Ijumaa nasaini. Nakuomba usione nimekuvunjia ahadi. Mikono ile niliyoiona pale mezani ilikuwa yako.

Nisalimie mkazamjomba, mapacha, na yule jirani yenu mbishi. Bibi anasema Mungu akushike vizuri huko juu ya majukwaa, maana wewe mwenyewe hujishiki.

Na kesho ukishika tofali, angalia kidole kipi kinakaa bure. Kikishajulikana, mwambie mkazamjomba awe anakipaka mafuta kila siku.

Mpwa wako anayekupenda mno,
Kiherehere