Mchanga Ambao Droni Haikuuona

Yadi ya Mchanga, Mamboleo,
Kisumu.
14 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Achola,

Kosa la watu wengi wanapopima rundo la mchanga ni kuhangaikia kilele chake na kusahau sakafu iliyo chini yake. Nisamehe, nimeanza kufundisha kabla ya kusalimu, jambo ambalo umenichekea tangu utotoni. Basi hujambo, nyamera, dada yangu? Goti limetulia? Mvua ya Awasi imekuachia mahindi yoyote? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayajua ukifika mwisho, na nakuomba ufike.

Kwanza nikueleze kazi yetu, maana siku ile uliponipigia simu sikukueleza chochote, nilikupa jibu tu. Zamani tulipima rundo kwa kulizunguka na utepe, tukilipanda huku mchanga ukitumeza hadi magotini. Siku hizi Bridget, fundi wa droni, hurusha chombo chake kwa dakika ishirini. Kinapiga picha mamia kutoka juu, kompyuta inaziunganisha ziwe umbo moja, kisha inatoa mita za ujazo. Ni kazi safi. Lakini droni huona ngozi ya rundo tu. Chukua mahindi yaliyolundikwa, uyaangalie kutoka juu: huwezi kujua kama yako juu ya sinia au yamejaza karai na kufurika. Kwa hiyo sakafu hupimwa kabla ya lori la kwanza kumwaga. Isipopimwa, kompyuta huchora sakafu bapa kutoka ukingo hadi ukingo, na mchanga wowote ulio chini ya hapo hauhesabiwi.

Mwezi wa Machi Bridget aliniuliza mara mbili kama tuna vipimo vya sakafu. Mara ya pili ilikuwa mbele ya mkurugenzi. Hatukuwa navyo, na kuvichukua ilikuwa kazi yangu. Nikamjibu kwamba nimeikanyaga yadi hii miaka kumi na tisa, nayo ni bapa kama meza. Akaandika alivyoambiwa.

Rundo likaonekana limepungukiwa mita za ujazo mia nne, yaani malori arobaini, ukilinganisha na mchanga ulioingia na uliotoka. Aliyeandika malori langoni ni mume wako, Wabwire.

Hakupiga kelele. Alisema kwamba mwaka ule ziwa lilipofurika, nami nikiwa nyumbani miezi sita kwa sababu ya korona, udongo ulichimbwa pale katikati ukatiwa kwenye magunia ya kuzuia maji kule ufukweni. Shimo likaachwa, na mchanga ukamwagwa juu yake. Akasema, shemeji, chimbeni mahali pamoja tu mwone. Bridget akaunga mkono. Mimi nikacheka. Nilimwambia Wabwire, mbele ya wote, kwamba kila karani anayepungukiwa huwa na shimo lake. Watu wakaangua kicheko. Kufikia jioni wapakiaji walikuwa wameshampa jina, Bwana Jangwa, wakimuuliza mchanga wa malori arobaini huliwa kwa mboga gani.

Akafutwa kazi. Kanisani wakampokonya kikapu cha sadaka alichokibeba miaka yote, kwa upole, wakisema apumzike kidogo. Ndipo ukanipigia simu. Baba alifariki kabla hujazaliwa, mimi ndiye niliyekulea, na hujawahi kulitilia shaka neno langu. Uliniuliza kama kweli aliiba. Nilikujibu kwamba vipimo havina undugu. Ukafunga mizigo ukaenda Awasi, na yeye akahamia chumba kimoja mtaani Obunga, ambako anavunja kokoto kwa nyundo.

Achola, hakuiba.

Mwezi wa Agosti mnunuzi mmoja alichukua rundo lote. Tingatinga ya dereva wetu Mukhwana ilifika usawa wa ardhi, ikaendelea kushuka. Mukhwana akaniita akicheka, akasema, Mzee, mchanga huu umekataa kuisha. Nikavaa gambuti, nikasubiri amalize, nikashuka. Shimo lilinifika kifuani. Nililipima kwa utepe mwenyewe: mita za ujazo mia tatu tisini na sita. Kwenye kuta zake niliona alama za majembe.

Hapo nilipaswa kukupigia simu. Badala yake nilimwambia Mukhwana alifukie kwa udongo siku hiyohiyo, nikamweleza kwamba ni hatari kwa malori. Desemba ninastaafu, na wenzangu kazini walikuwa wameanza kuchanga kwa ajili ya kuniaga. Nilitaka kuondoka nikiwa yule Mzee asiyekosea. Kwa hiyo mume wako nimemzika mara mbili, Machi bila kujua, na Agosti nikijua.

Miezi miwili nimeishi hivyo. Bridget ndiye aliyenimaliza, bila hata kunishutumu. Alikuwa amerusha droni asubuhi ile ya Agosti kabla ya udongo kumwagwa. Ijumaa iliyopita alinionyesha picha, shimo likiwa wazi nami nikiwa ndani yake, mdogo kama punje. Aliniuliza tu, Mzee, ni wewe utasema au niseme mimi?

Leo asubuhi nimemwambia mkurugenzi. Sherehe ya kuniaga haipo tena, na sioni ajabu. Kutoka hapo nilikwenda Obunga. Wabwire alinisogezea mtungi wa plastiki nikaukalia, nikamwambia yote. Hakusimamisha nyundo. Amekonda, na kidole gumba cha kushoto kimepondeka kucha. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: kama wewe unajua. Nikasema bado. Akaendelea kugonga mawe.

Barua hii nampa binti yenu Rachael aifikishe mkononi mwako leo kabla ya jua kuzama. Nimeiandika badala ya kupiga simu ili uwe na sahihi yangu ya kuwaonyesha wazee wa kanisa. Mimi usinijibu mpaka utakapoweza, na usipoweza nitaelewa. Wasalimu majirani wote walionilisha nilipokuja kumzika mama.

Namba ya Wabwire ni ileile. Mpigie leo.

Kaka yako,
Dishon Amolo