Nilivyomtafsiria Nabii

Janice, hadi leo sikutambua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikiyalainisha maneno ya Nabii wa kanisa letu kila ninapomtafsiria kutoka Dholuo, lugha ya Waluo, kwenda Kiswahili.

Leo kanisani kwetu mtaani Obunga, muumini Gakenia, asiyejua Dholuo, aliomba ruhusa ya kumpeleka mwanawe mgonjwa hospitali. Nabii akampiga mama huyo kofi. Kofi, Janice! Kisha akasema, "Afadhali mtoto afie hapa."

Nami nikatafsiri, "Baba Nabii anasema tuendelee kuomba."

Dorca, muumini mwenzetu anayejua Dholuo, akanipazia sauti: "Mwalimu, mbona unamdanganya mama wa watu? Mwambie alichosema!"

Nabii ndiye aliyemzika mama yangu ndugu zetu walipotukimbia. Hata hivyo, nikamwambia Gakenia alichosema Nabii, neno kwa neno.

Alimbeba mtoto akatoka. Sasa wako hospitali. Bado ninampenda Nabii, lakini simtafsirii tena.